Somo la Mwezi: Mwanafunzi Anapoandika Mbele ya Dunia



Liko neno moja ambalo halikosi kutajwa kila wazazi wanapokutana, iwe ni nje ya kanisa baada ya ibada, iwe ni katika kikao cha shule. Neno hilo ni simu. Mama analalamika kwamba mwanawe wa kidato cha pili hashiki tena daftari. Baba anasema dawa ni moja tu, kuivunja. Mwalimu anasema shuleni simu zimekatazwa. Lakini mwalimu huyohuyo, wakati wa likizo, hutuma kazi ya hesabu kwa WhatsApp, na mtoto ambaye kwao hakuna simu hukosa kazi.

Somo hili halihusu simu yenyewe. Tumelisema sana jambo la simu na hatujafika mbali. Tutazame jambo lililo ndani yake, ambalo twalizungumza kidogo mno: mwanafunzi anayeandika katika mtandao habari za shule yake, masomo yake na maisha yake, yakasomwa na watu asiowajua. Je, yatupasa kumruhusu? Na tukimruhusu, iwe kwa masharti gani? Mimi naona aruhusiwe. Nitaeleza kwa nini. Lakini msomaji anayekataa namwomba asinifungie ukurasa, maana hoja zake pia nimeziweka humu, na baadhi yake ni nzito kuliko zangu.

Blogu ni kitu gani?

Waliosoma shule zetu zamani wanalikumbuka gazeti la ukutani. Wanafunzi waliandika habari, mashairi na mafumbo kwenye karatasi, mwalimu akasahihisha, kisha karatasi zikabandikwa ukutani pale ambapo kila mtu hupita. Blogu ni gazeti la ukutani, ila ukuta wake ni dunia nzima. Mtu huandika, habari mpya hukaa juu na za zamani hushuka chini, na msomaji akipenda huandika maoni yake papo hapo. Kwa Kiswahili hatukuchelewa sana. Mtanzania Ndesanjo Macha alianzisha blogu yake ya Jikomboe mwaka 2004, na wengi humtaja kuwa miongoni mwa watu wa kwanza kabisa kuandika blogu kwa lugha yetu.

Mitandao ya kijamii, kama Facebook, Instagram na TikTok, ni jamaa ya blogu lakini si kitu kilekile. Katika blogu mwenye daftari ndiye hupanga ukurasa. Katika mtandao wa kijamii kampuni ndiyo hupanga, na hupanga kwa namna ya kumfanya mtu asiondoke, kwa sababu kampuni hupata fedha kwa matangazo, na matangazo huhitaji macho. Ni vema wazazi wajue tofauti hii. Mtoto anayeandika ukurasa mmoja kwa juma juu ya kilimo cha mihogo, na mtoto anayetazama video fupifupi hadi saa saba za usiku, wote tunasema “wako kwenye mtandao”. Lakini mmoja anapika na mwingine analishwa.

Wengi hawajui kwamba Facebook yenyewe ilianzia shuleni. Ilifunguliwa mwaka 2004 kwa ajili ya wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, na mwaka 2006 ndipo ilipofunguliwa kwa kila mtu mwenye miaka 13 na zaidi. Na kwa nini 13? Wazazi wengi hudhani kwamba mabingwa walikaa wakapima akili za watoto. Sivyo. Umri huo umetoka katika sheria ya Marekani ya mwaka 1998 inayokataza makampuni kukusanya habari za mtoto aliye chini ya miaka 13 bila idhini ya mzazi. Ni sheria ya habari za watu, wala haikusema kwamba mtoto wa miaka 13 amekwisha kukomaa.

Jambo si geni

Tusidhani kwamba ni kompyuta iliyoanzisha mambo haya. Huko Ufaransa, katika kijiji cha Bar-sur-Loup, palikuwa na mwalimu wa shule ya msingi aitwaye Célestin Freinet. Alikuwa amejeruhiwa mapafu katika Vita Kuu ya Kwanza, na kusema kwa sauti kubwa mbele ya darasa kulimchosha. Katika miaka ya 1920 alipata mashine ndogo ya kupiga chapa akaiweka darasani. Watoto waliandika mambo waliyoyaona nyumbani na kijijini, wakapanga herufi moja moja kwa mikono yao, wakachapa, na karatasi zikapelekwa kwa posta hadi shule ya Trégunc, mbali kule pwani ya Brittany. Watoto wa Trégunc nao wakachapa ya kwao wakajibu. Wale wa milimani wakasoma habari za bahari, wa baharini wakasoma habari za milima.

Na wengi wetu hapa tulikuwa na rafiki wa kalamu. Tulimwandikia mtu wa Nairobi au wa Uingereza ambaye hatukupata kumwona, na tulijitahidi kuandika barua ile kuliko insha yoyote ya mwalimu. Kwa nini? Kwa sababu insha ilikuwa na msomaji mmoja, naye alikuwa ameshika kalamu nyekundu. Barua ilikuwa na msomaji aliyetaka kujua. Hapo ndipo ilipo faida ya kwanza ya mwanafunzi kuandika mbele ya watu, na sijaona hoja iliyoweza kuiondoa. Mtoto akijua kwamba binti wa Mbeya ambaye hajamwona atasoma maelezo yake juu ya namna ukoko wa ardhi unavyosogea, ataitafuta picha iliyo sawa, ataliuliza neno asilolijua, na atafuta mara tatu. Nawaomba walimu wajaribu hata kwa karatasi kabla ya kununua kompyuta.

Mtoto wa Uskoti na sahani yake

Nataka tukae kidogo na habari ya binti mmoja, maana ndani yake yamo karibu mambo yote tunayoyatafuta, mazuri na mabaya.

Mwaka 2012 Martha Payne alikuwa na umri wa miaka tisa, mwanafunzi wa shule ya msingi huko Lochgilphead, katika eneo la Argyll, magharibi ya Uskoti. Alipenda kuandika na alitaka mazoezi. Baba yake akamsaidia kufungua blogu, wakaiita NeverSeconds. Kazi yake ilikuwa rahisi: kila siku ya shule alipiga picha ya chakula cha mchana alichopewa, akakipa alama kati ya kumi, akahesabu matonge, akaandika bei, akasema kama kinafaa kwa afya, na mwisho akaandika idadi ya nywele alizozikuta ndani. Kwanza hakutumia jina lake, alijiita Veg.

Katika moja ya picha za mwanzo palikuwa na kipande cha piza, kibonge kimoja cha viazi, mahindi machache na keki ndogo. Martha alieleza kwamba yeye ni mtoto anayekua, na kwamba hawezi kusikiliza masomo mchana wote kwa nguvu za kibonge kimoja. Sioni kosa katika maneno hayo. Ni maneno ya adabu, na ni ya kweli, na yeyote aliyepata kufundisha kipindi cha saa nane mchana anajua kwamba tumbo tupu halina masikio.

Watu wakaanza kusoma. Mpishi mashuhuri wa Uingereza, Jamie Oliver, akamtia moyo. Watoto wa nchi nyingine wakamtumia picha za chakula chao cha shule, naye akazitia katika blogu, hata ikawa kama darasa la jiografia. Shuleni kwao watoto wakaambiwa kwamba wanaweza kujiongezea mboga mbichi, matunda na mkate kadiri wapendavyo.

Kisha mambo yakageuka. Gazeti moja liliandika habari zake likaweka kichwa kikubwa cha kutaka wapishi wa shule wafukuzwe kazi. Tarehe 14 Juni 2012 Martha akaambiwa asilete tena kamera katika chumba cha chakula. Amri ilitoka kwa Halmashauri ya Argyll na Bute, ambayo ndiyo husimamia shule zile, nayo ikasema kwamba wapishi wameingiwa na hofu ya kupoteza kazi zao. Binti akaandika ya kuaga, akasema ana huzuni. Siku ya pili yake, tarehe 15 Juni, baada ya kelele kutoka pande nyingi, mkuu wa halmashauri akaitangua amri, na kamera ikarudi.

Watu husimulia habari hii kama habari ya mtoto mwema na wakubwa wabaya. Mimi nawatetea wapishi kidogo. Walikuwa wakipika kwa fedha walizopewa. Chakula chenyewe kiliuzwa kwa pauni 2. Hawakupanga bajeti, na hawakuulizwa. Siku moja wameamka wakajikuta katika gazeti la nchi nzima. Martha hakusema wafukuzwe. Alisema chakula hakitoshi. Mtoto alisema tonge ni dogo, na gazeti likasema mpishi aondoke. Hivyo ndivyo maneno yanavyokwenda yakishatoka mkononi mwa mwandishi, na mwanafunzi yeyote anayetaka kuandika mbele ya watu lazima afundishwe jambo hili mapema: huandiki tu juu ya sahani, nyuma ya sahani yuko mtu. Lakini halmashauri nayo ilikosea njia. Badala ya kulijibu gazeti, ikamnyamazisha mtoto. Ingalikuwa rahisi kutoka hadharani na kusema, “Wapishi wetu hatuwafukuzi, na chakula tutakitazama.”

Liko jambo la mwisho katika habari hii, nalo latuhusu sisi wa Afrika. Martha alikuwa akichangisha fedha kwa blogu hiyo kwa ajili ya shirika la Mary's Meals, ambalo lilianzia palepale Argyll na hulisha watoto wa shule katika nchi maskini. Alitaka pauni 7,000 za kujengea jiko moja. Amri ya kumkataza ilipotangazwa, watu walikasirika wakatoa. Katika siku chache fedha zikapita pauni 100,000. Jiko likajengwa katika shule ya msingi ya Lirangwe, karibu na Blantyre, Malawi, na baadaye mwaka huohuo Martha alikwenda mwenyewe kuliona. Watoto wa huko hupewa asubuhi uji wa mahindi na soya, wanaouita likuni phala. Aliyelalamikia kibonge kimoja cha viazi akawaona watoto wanaokuja shule kwa sababu ya kikombe cha uji.

Binti wa Swat na jina la kuazima

Habari ya pili mnaijua, ila labda hamjaitazama kwa upande huu. Katika Januari 2009 idhaa ya Kiurdu ya BBC ilianza kutoa katika mtandao kumbukumbu za mwanafunzi wa kike wa bonde la Swat, kaskazini mwa Pakistan. Wataliban walikuwa wametangaza kwamba kuanzia tarehe 15 ya mwezi huo hakuna msichana atakayekwenda shule. Binti aliandika juu ya hofu ya kwenda darasani, juu ya wenzake waliopungua siku baada ya siku, juu ya sauti za mizinga usiku. Mwandishi alijulikana kwa jina la Gul Makai, ambalo ni jina la ua na pia jina la msichana katika hadithi za Wapashtuni. Jina lake hasa lilikuwa Malala Yousafzai, naye alikuwa na miaka 11.

Angalieni mambo mawili. Kwanza, binti huyu hakuhitaji kompyuta mapajani wala simu ya bei. Maneno yake yalipokelewa na mwandishi wa habari, naye ndiye aliyeyapeleka yakatangazwa. Kazi ya mtoto ilikuwa kuona na kusema kweli. Kazi ya chombo ilifanywa na mtu mzima. Pili, kabla yake alikuwapo msichana mwingine wa shule hiyohiyo aliyekubali kuandika, lakini wazazi wake wakamzuia kwa kuogopa Wataliban. Sidhani kwamba yuko hata mmoja wetu anayeweza kuwalaumu wazazi wale.

Kumbukumbu zile zilikoma mwezi Machi 2009. Baadaye jina lake likajulikana, naye akaendelea kusema hadharani, na tarehe 9 Oktoba 2012 akapigwa risasi katika gari la shule. Alipona. Mwaka 2014, akiwa na miaka 17, alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani pamoja na Kailash Satyarthi wa India. Katika kusimulia ushindi wake watu hulipita lile jina la kuazima kana kwamba ni pambo. Kwangu mimi ndilo jambo la kujifunza. Watu wazima waliomzunguka walijua kwamba maneno ya mtoto yaweza kwenda mbele hali mtoto mwenyewe amebaki amefichwa, na kwa muda ule jina lile lilimlinda.

Maneno yanayofutika

Msichana mmoja wa Pennsylvania, Marekani, ambaye mahakama ilimwita B.L., alikosa nafasi katika kikundi cha wakubwa cha kushangilia timu za shule yake. Ilikuwa mwaka 2017, naye alikuwa na miaka 14. Siku ya Jumamosi, akiwa dukani na rafiki yake, alituma kwa Snapchat picha yenye matusi juu ya shule na kikundi. Picha za namna hiyo hufutika zenyewe baada ya saa 24. Lakini mwenzake mmoja aliinasa kabla haijafutika, ikafika kwa walimu wa kikundi, na B.L. akaondolewa kwa mwaka mzima. Wazazi wakaenda mahakamani. Shauri likapanda hadi Mahakama Kuu kabisa ya Marekani, ambayo mwaka 2021 ilimpa msichana haki kwa majaji wanane dhidi ya mmoja: shule yaweza kuwa na neno juu ya mambo ambayo mwanafunzi anayasema nje ya shule, lakini mamlaka yake huko ni madogo, maana huko kwanza ni zamu ya mzazi.

Sheria ile ni ya Marekani, si yetu. Nimeitaja kwa ajili ya vijana wanaoniambia, “Lakini hufutika.” Picha ya saa 24 ilijadiliwa miaka minne.

Hapa kwetu

Shule zetu zilipofungwa kwa sababu ya korona, katikati ya Machi 2020, mitandao hii ndiyo iliyobeba masomo kwa wale walioweza. Shule nyingi za binafsi zilifanya vikundi vya WhatsApp, mwalimu akatuma sauti na picha ya ubao. Madarasa mengi ya Tanzania yalirudi tarehe 29 Juni. Katika miezi ile mitatu tuliona kwa macho kwamba nyumba yenye simu moja na watoto wanne haiwezi kulinganishwa na nyumba yenye simu nne na mtoto mmoja. Mwalimu anayetoa kazi kwa mtandao peke yake anawaacha nje wale wale ambao shule iliwekwa kwa ajili yao. Hii ndiyo hoja nzito ya wanaokataa, nami sina jibu lake kamili ila hili: blogu ya darasa yaweza kuendeshwa kwa kompyuta moja au simu moja ya mwalimu. Watoto waandike kwa kalamu, na kwa zamu wachague kazi mbili tatu za kuweka. Gul Makai alifanya hivyo.

Kuna na sheria. Mwaka 2018 serikali ya Tanzania ilitoa kanuni za maudhui ya mtandaoni, zilizowataka wenye blogu kujiandikisha kwa Mamlaka ya Mawasiliano na kulipa ada. Jumla ya maombi, leseni na ada ya mwaka ilipita shilingi milioni mbili, na wengine walifunga blogu zao. Kanuni hizo zimebadilishwa zaidi ya mara moja tangu wakati ule. Kwa hiyo mwalimu mkuu asianze kwa kusikia maneno ya mtaani. Awaulize TCRA kwa barua, apate jibu kwa barua. Tena ipo Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Kijana anayemtukana mwenzake katika kikundi hudhani kwamba ni mzaha wa darasani, kumbe aweza kuwa ameingia katika mambo ya polisi.

Na ulimwengu bado haujaafikiana. Australia imekataza watoto wa chini ya miaka 16 kuwa na akaunti katika mitandao mikubwa ya kijamii. Sheria ilianza kutumika tarehe 10 Desemba 2025, na adhabu huwapata wenye makampuni, si mtoto wala mzazi. Naipenda sehemu hiyo ya adhabu. Sisi huku tumezoea kumchapa mtoto na kumwacha mfanyabiashara.

Namna ya kuanza

Kama shule au kikundi cha vijana wa parishi wataka kujaribu, nashauri hivi. Pawe na blogu ya darasa, si ya mtoto mmoja mmoja, na funguo zake ziwe kwa watu wazima wawili, asiwe mmoja. Majina yaandikwe la kwanza tu, au la kuazima. Picha za nyuso zisiwepo kabisa, hasa za wasichana waliovaa sare yenye jina la shule, kwa sababu mtu mwenye nia mbaya hahitaji zaidi ya hapo kumjua mtoto anakosoma na saa anayotoka. Chombo kiwekwe ili maoni ya wasomaji yapite kwanza kwa mwalimu. Wazazi waombwe idhini kwa maandishi, na wanaokataa wasibembelezwe, wala mtoto wao asinyimwe alama.

Kazi ilale usiku mmoja kabla ya kutolewa. Kanuni hii ni ndogo lakini ndiyo niipendayo kuliko zote. Mambo mengi tunayojutia yaliandikwa jioni na yangefutwa asubuhi.

Mtoto asinakili. Siku hizi ziko kompyuta zinazotunga insha nzima kwa swali moja, na walimu wamekata tamaa. Lakini mpeni mtoto aandike bei ya nyanya katika soko la kwao kwa majuma sita, na kwa nini ilipanda. Hapo hakuna mashine ya kumwandikia, itabidi aende sokoni.

Sasa lile gumu. Itakuwaje mwanafunzi akitaka kuandika juu ya shule yenyewe, vyoo vibovu, maharage yenye fukusi, mwalimu asiyeingia darasani? Wakuu wengi wa shule huogopa hapa, ndiyo maana hukataa yote. Ushauri wangu ni kwamba neno liende kwanza kwa mwalimu mkuu, kwa maandishi, naye apewe siku za kujibu. Likiandikwa baadaye, liandikwe pamoja na jibu lake. Vyoo vitajwe, mtu asitajwe. Hakuna haki ya mkuu wa shule kumwadhibu mtoto kwa kusema kweli kwa adabu, na kamati ya shule imwambie hivyo kabla blogu haijafunguliwa, si siku ya ugomvi. Lakini mtoto aliyepigwa vibaya, au aliyeguswa asivyopaswa kuguswa, habari yake si ya blogu hata kidogo. Aende kwa mtu mzima anayemwamini, au apige namba 116, ambayo ni ya msaada kwa watoto na haina malipo, na ofisi ya ustawi wa jamii ijulishwe. Mwalimu wa blogu anayepokea habari kama hiyo katika daftari la mtoto asiitoe mtandaoni, wala asiifungie katika kabati.

Ya kuzungumza katika vikundi

Katika nyumba zenu, ni nani anayejua maneno ya siri ya simu ya mtoto, na je, mtoto anajua kwamba anajua?

Kama mngekuwa halmashauri ya Argyll na Bute siku ile ya tarehe 14 Juni, mngewaambia nini wapishi, na mngemwambia nini Martha? Wagawanyeni watu mafungu mawili, fungu moja liwe la wapishi, na lipewe nafasi ya kusema kwanza.

Wazazi waliomzuia yule msichana wa kwanza wa Swat walifanya vema?

Na kwa walimu walio katika parishi yetu: chukueni kazi moja ya mwanafunzi wa darasa lenu, iliyoandikwa kwa kalamu, isomeni mbele ya kikundi bila kutaja jina, kisha waulizeni waliohudhuria wangetaka kumwuliza mwandishi jambo gani. Maswali yaandikwe, apelekewe mtoto Jumatatu.